Mlango wa furu ya ngazi: pale kuni na mawese yetu vinapopotelea



Katika vijiji vingi vya upande wa Fizi, Uvira, Kalemie na Maniema, ngazi zinapikwa nje, kwenye furu ya kuni. Ninyi wenyewe mnaijua: kuta za matofali ao mawe na udongo, pipa la lita 200 limekaa juu, bomba la moshi nyuma, na mbele mlango wa chuma wa kuingizia kuni. Pipa linaangaliwa kila siku, juu likitoboka kazi inasimama. Bomba nalo linaangaliwa, juu moshi ukirudi kila mtu analia macho. Lakini mlango hauangaliwi na mtu. Tulipotembelea furu za wanachama tuliona milango iliyofungwa na waya, milango iliyoegemezwa na jiwe, na furu ambazo mlango ulianguka zamani na watu wamezoea kupika wazi tu.

Basi leo tunaongea juu ya mlango peke yake. Wengine watasema ni kitu kidogo. Tufanye kwanza hesabu, kiisha tuone kama ni kidogo.

Hesabu ya kuni

Kupasha lita 200 za maji kutoka digrii 20 mpaka yachemke kunaomba joto ambalo kilo 4 na nusu hivi za kuni kavu zinaweza kulitoa, kama joto lote lingeingia ndani ya maji. Lakini haliingii lote. Kwenye moto ulio wazi, mara nyingi ni sehemu 10 mpaka 15 tu kati ya 100 zinazofika kwenye maji. Zingine zinaenda na upepo. Kwa hiyo utachoma kilo 30 mpaka 45 kabla pipa halijaanza kuchemka. Furu iliyojengwa vizuri, yenye bomba na mlango unaofunga, inaweza kufikisha sehemu 25 mpaka 30 kwenye maji. Hapo kilo 15 mpaka 18 zinatosha.

Tofauti ya kilo 20 ni kama mzigo mmoja wa kuni kichwani mwa mama. Kwa pipa moja. Koperative inayopika mapipa matatu kwa siku inaweza kujihesabia yenyewe ni safari ngapi za porini, ao ni franka ngapi kama kuni zinanunuliwa. Na kuni haziko karibu tena kama wakati wa wazazi wetu.

Sababu ni hewa. Moto unaomba hewa, lakini kwa kipimo. Mlango ukiwa na mianya pande zote, hewa baridi inaingia ovyo, inapita juu ya kuni bila kuwaka nazo, inapoza moto na kusukuma joto lote kwenye bomba. Unaona moto mkubwa, unafurahi, lakini moto huo unapasha mawingu. Mlango ukifunga vizuri, hewa inapita fasi moja tu: kwenye kitundu cha chini ulichokiweka wewe mwenyewe, chenye kibati cha kusogeza. Hapo mpishi ndiye anaongoza moto, si upepo.

Tena kuko jambo la mafuta yenyewe. Ngazi ikishakatwa na kuchubuka, inaanza kuharibika ndani. Kuna kitu cha asili ndani ya tunda ambacho kinavunja mafuta na kuyafanya kuwa na asidi nyingi. Joto la kupika ndilo linakiua. Furu yenye mlango mbovu inachelewa kuchemka, kundi la pili la ngazi linabaki kwenye jua likingojea zamu, na asidi inapanda. Mnunuzi anayepima mafuta atakataa ao atapunguza bei, na hakuna atakayefikiria kwamba shida ilianzia kwenye bawaba iliyovunjika.

Kwa nini chuma kinajipinda

Mafundi wengi wanasema mlango umejipinda juu chuma ni kibaya. Mara nyingine ni kweli. Lakini hata chuma kizuri kinaongezeka kikipata moto. Mlango wenye upana wa sentimita 40, ukifika joto la digrii 400, unaongezeka karibu milimita 2. Ni kidogo, lakini kama umebanwa pande zote ndani ya fremu, milimita hizo mbili hazina fasi ya kwenda. Chuma kinaamua chenyewe: kinatoka tumbo mbele. Siku inayofuata kimepoa, lakini hakirudi namna kilivyokuwa.

Kwa hiyo mlango usiingie ndani ya fremu kama kifuniko cha sufuria. Ni afadhali uwe mkubwa kidogo kuliko tundu, ulalie juu ya fremu kwa sentimita 2 ao 3 kila upande. Hapo unaweza kuongezeka namna unavyotaka na bado unafunga.

Unene nao ni muhimu. Bati la pipa kuukuu ni jembamba, halifiki hata milimita 2, na linajipinda ndani ya siku chache. Kama koperative inaweza kununua kipande cha chuma cha milimita 5 ao 6, kitaishi miaka. Kama haiwezi, kuko njia nyingine ambayo tunaipenda zaidi: tumia chuma ulichonacho, kiisha funga ndani yake bati la pili kwa boliti nne, likiwa mbali na mlango kwa sentimita 2 ao 3. Bati hilo la ndani ndilo linakula moto. Mlango wenyewe unabaki na joto la kadiri. Bati likiungua, unafungua boliti, unaweka lingine. Ni sawa kama kubadilisha soli ya kiatu bila kutupa kiatu.

Wengine wanajaza upande wa ndani kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukishikwa na waya. Ni nzuri pia, lakini udongo huo unaomba kukauka polepole, kivulini, wiki moja ao zaidi. Ukiwasha moto siku ya pili, maji yaliyo ndani yatageuka mvuke na udongo utapasuka vipande.

Mambo mawili tunawakataza kabisa. La kwanza, mabati ya nyumba. Rangi yake nyeupe ya kung'aa ni zinki, na zinki ikipata moto mkali ao ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi ya mwili na kifua kubana. Mtu anafikiri ni malaria. La pili, kumwaga maji kwenye mlango wa moto ili upoe haraka. Tumeona vijana wakifanya hivyo jioni, wakitaka kwenda nyumbani. Upande mmoja unajikaza ghafla wakati upande mwingine bado unawaka, na chuma kinajipinda. Kama ni chuma cha kuyeyushwa, kile cha jiko la zamani, kinapasuka kabisa.

Kupima mlango jioni moja

Hakuna haja ya mashine. Ngojeni furu ipoe, toeni majivu, na jioni giza likiingia wekeni taa ya torshi ndani, mfunge mlango. Zungukeni polepole. Fasi mwanga unapotoka ndiyo fasi hewa inaingia. Chora alama kwa makaa kwenye kila mwanya, juu kesho asubuhi mtakuwa mmesahau.

Kipimo cha pili ni kipande cha karatasi. Weka karatasi kati ya mlango na fremu, funga, kiisha ivute. Ikishikwa na kukataa kutoka, ni sawa. Ikitoka bila shida, mlango haukandamizi fasi ile. Fanya hivyo pande zote nne. Mara nyingi utakuta upande wa bawaba unabana sana na upande wa komeo umelegea. Hiyo inaonyesha kwamba bawaba zimeshuka ao komeo limekula, si lazima mlango wote ubadilishwe.

Na kama furu inawaka, chukua kijiti kinachotoa moshi mdogo na upitishe pembeni mwa mlango. Moshi ukivutwa ndani, kuna mwanya. Ila fanya hivyo ukisimama pembeni, si mbele.

Kuziba mwanya kwa udongo

Huko Ulaya na Marekani, majiko ya kuni yanazibwa kwa kamba ya nyuzi za kioo inayopangwa kuzunguka mlango. Kwetu kamba hiyo ni ya shida kupata. Hapa tunaomba muwe waangalifu sana: kwenye viwanda vya zamani vya mashamba makubwa, bado kuna mashine na mabomba yaliyofungwa na kamba ao kitambaa cheupe kisichoungua. Kitu hicho mara nyingi ni amianti. Watu wanakichukua juu kinavumilia moto. Lakini vumbi lake linaingia ndani ya mapafu na halitoki, na ugonjwa wake, hata kansa, unaweza kuonekana miaka 20 ao 40 baadaye. Msikikate, msikisugue, msikipeleke nyumbani. Vipande vya mpira wa gurudumu navyo havifai. Vinayeyuka na kunukisha mafuta.

Udongo unatosha. Hii ndiyo namna tuliyoiona ikifanya kazi vizuri, na haiombi hata franka moja.

Kanda udongo wa kichuguu na mchanga laini na majivu kidogo mpaka uwe kama ugali mgumu. Sugua fremu kwa brashi ya waya ao kisu kuukuu mpaka masizi na kutu viishe, ilowanishe kidogo, kiisha zungusha udongo pande zote, unene wa kidole. Sasa paka majivu makavu kwenye mlango ili usishike. Funga mlango polepole, ukandamize kwa komeo, na uuache. Udongo unaozidi utatoka pembeni. Ukate kwa kisu. Baada ya saa chache fungua kwa uangalifu. Utaona mlango umejichapa wenyewe kwenye udongo, na kila pindo lake lina fasi yake. Hata mlango uliojipinda kidogo unafunga, juu udongo umefuata umbo lake. Uache ukauke siku kadhaa, uwashe moto mdogo siku ya kwanza, mkubwa siku ya pili.

Nyufa ndogo zitatokea. Hiyo si ajabu. Kila juma, kabla ya kuwasha, zijazwe kwa udongo mwepesi. Ni kazi ya dakika kumi.

Bawaba, komeo na mkono

Bawaba, zile wafundi wanaita sharnieri, zinakufa kwa sababu mbili: uzito na majivu. Mlango mzito kwenye bawaba mbili nyembamba lazima ushuke. Tundu la bawaba liwe na nafasi kidogo, lisibane pini, ili joto lisiishike. Usipake grisi ya magari: inaungua, inakuwa lami ngumu, na kesho mlango haufunguki. Kitu cha kupaka ni ile risasi nyeusi ya kalamu ya watoto wa shule. Isage, uipake kwenye pini ikiwa baridi. Haiungui upesi na inateleza vizuri.

Komeo zuri ni lile linalobana zaidi kadiri unavyolishusha, yaani lenye mteremko kama kabari. Komeo bapa likishakula kidogo, halibani tena, na mtu anaanza kuweka jiwe. Tukifika kwenye koperative na kuona jiwe mbele ya furu, tunajua tayari.

Mkono wa kushikia usiwe chuma kitupu. Waya mnene ukisokotwa kama springi kuzunguka chuma haupati moto upesi kama chuma kizima, na mafundi wetu wanajua kuutengeneza. Mkono wa mti mgumu pia ni mzuri, ukiwa mbali na mlango kwa upana wa kiganja.

Kufungua bila kuungua

Hapa tunaomba kila mpishi asome, ao asomewe, mara mbili.

Kuni zikiwaka bila hewa ya kutosha, zinatoa moshi wenye gesi ambao haujaungua. Gesi hiyo inajaa ndani ya furu. Ukifungua mlango ghafla, hewa inaingia kwa nguvu, gesi inawaka yote mara moja, na ulimi wa moto unatoka nje kumtafuta yule aliyesimama mbele. Nyusi, uso, mikono. Tena anayefungua mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Basi kwanza fungua kitundu cha hewa cha chini. Ngoja kidogo. Kiisha fungua mlango kwa upana wa vidole viwili tu, uhesabu polepole mpaka kumi, moto upate kupumua. Ndipo ufungue wote, ukisimama upande wa bawaba, mlango wenyewe ukiwa kama ngao yako. Funga kikwembe vizuri, kisining'inie, na nguo za nailoni zibaki nyumbani juu zinayeyuka kwenye ngozi. Mtoto abaki na mtu mwingine, mbali na furu. Mstari uchorwe chini, hatua tatu mbele ya mlango, na watoto wote wajue hawauvuki.

Mtu akiungua, mwagilia fasi ile maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, ondoa pete na bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi na mpeleke kituo cha afya. Hapana kupaka mawese, hapana dawa ya meno, hapana majivu. Tunajua wazee wetu walipaka. Lakini mafuta yanafungia joto ndani ya ngozi, na majivu yanachafua kidonda.

Majivu, mvua, na wakati furu inapumzika

Majivu makavu hayana ubaya mkubwa. Majivu yaliyolowa ndiyo yanakula chuma, juu yana magadi makali. Kwa kuwa furu zetu ziko nje, mvua moja ya usiku inatosha. Kibanda cha majani juu ya furu, chenye urefu wa kutosha ili kisishike moto, kinarudisha gharama yake upesi. Toeni majivu kabla hayajafika kwenye kizingiti, juu kaa moja likikaa pale mlango hauwezi kufunga hata ukiusukuma kwa mguu. Yawekwe kwenye chombo cha chuma, si kikapu: makaa yanaweza kuishi chini ya majivu siku nzima na zaidi. Yakipoa kabisa, yanafaa kwa sabuni na kwa mashamba yenye udongo wenye asidi.

Kama pembeni mwa mlango kuna kitu cheusi cha kunata, hiyo ni lami ya kuni mbichi. Ikwangueni mlango ukiwa baridi. Lakini dawa yenyewe ni kuni kavu: zilizopasuliwa, zilizopangwa chini ya kivuli tangu kiangazi, zenye nyufa kwenye ncha, na ambazo ukizigonganisha zinalia kavu. Kuni mbichi zinatumia nguvu zao nyingi kukausha maji yao wenyewe.

Ngazi zikipungua na furu ikapumzika miezi, sugueni mlango, mpake tabaka jembamba la mabaki ya mawese, na muuache wazi kidogo ili unyevu usikae ndani. Kuku watataka kutagia humo. Wekeni wavu.

Nani atafanya?

Swali hili ni gumu kuliko udongo na bawaba. Furu ya mtu mmoja inatunzwa. Furu ya koperative kila mmoja anapika zamu yake, anakuta mlango umelegea, anaweka jiwe, anaenda. Wa mwisho ndiye anaungua.

Kwa maoni yetu, mtu mmoja achaguliwe kwa miezi mitatu, awe na daftari, na awe na haki ya kusema "leo hatuwashi" mpaka mlango utengenezwe, hata kama anayengojea ni rais wa koperative. Na kwa kila pipa linalopikwa, kikombe kimoja cha mawese kitengwe kwa ajili ya furu. Kikombe kimoja hakionekani, lakini mwisho wa msimu kinalipa fundi wa kuchomelea na kipande cha chuma. Koperative zingine zitapenda kukata pesa badala ya mafuta. Tunaona mafuta ni rahisi kwa sababu yanapatikana siku ile ile, mbele ya macho ya wote.

Kabla ya kutengeneza mlango, pimeni kwa mizani kuni za mapipa matatu, muandike pia saa ya kuwasha na saa ya kuchemka. Mkimaliza kutengeneza, pimeni tena mapipa matatu, kwa kuni za aina ile ile. Leteni namba hizo kwa animateri wetu akipita, hata kama tofauti ni ndogo. Tutazichapa katika toleo linalokuja, pamoja na maelezo ya udongo gani mlitumia na mlichanganya namna gani.